Albamu Iliyopigisha Soko Masufuria

Juzi mchana hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, muuza miziki wa sokoni alifungulia albamu mpya ya jazi huru, ile jazi isiyofuata mdundo, inayosimulia miaka yetu ya vita. Kipande cha tatu kinaanza kwa filimbi na masufuria, kama tunavyoamshana adui akiingia mtaani. Soko zima likaitikia! Wauza sufuria wakagonga vifuniko, mimi nikagonga ndoo.

Muuzaji akatoka mbio, mikono juu. "Bamama, hapana vita! Ni muziki!"

Kisha tukacheka mpaka tukashikana mabega. Mama mmoja, kifuniko kingali mkononi, akamwuliza: "Lakini hii muziki ni sisi tulitunga. Majina yetu iko wapi?"

Muuzaji akageuza jalada, akatafuta kweli. Nami nangoja jina langu: ndoo, kipande cha tatu.