Kilichomo Ndani ya Sanduku Langu la Udi

Dada mwenye ukurasa, mimi kusoma sijui, nakutumia sauti. Iandike kama nilivyosema, usinipambie. Jina langu lifiche, na la mjukuu wangu ndiyo kabisa lisitajwe.

Nna miaka sabini na kitu. Hicho kitu hakijui mtu, hata walioniandikia karatasi walikisia. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa Maskati mwari, hapa nimezaa na hapa nimezika. Sasa mimi ni kizuka, niko ndani ya eda ya mume wangu. Nimebakiza siku tisa nitoke, na siku tisa hizo ndizo zinazoniua.

Mjukuu wangu huyu nimemlea mimi, wazazi wake wote wako makazini. Ana miaka ishirini na tatu, mzuri kama babu yake, kichwa kigumu kama babu yake. Alinunua pikipiki, lile dude linalonguruma mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Baba yake, mwanangu wa kwanza, akamnunia. Mimi nikamtukana wiki nzima, kisha nikamshonea kifuniko cha kiti. Ndivyo nilivyo.

Mume wangu alipokuwa hospitali, siku moja walipiga simu twende mbio, hali imebadilika. Nyumbani gari hakuna. Nikamwambia mjukuu wangu, "Nipakie."

"Bibi, utaanguka!"

"Nikianguka utaniokota. Yallah!"

Nikakunja baibui, nikapanda, nikamkumbatia kiunoni. Tunapita Wattaya, pale penye maduka ya magari, mkono wangu ukagusa kitu kigumu chini ya koti lake. Nikakipapasa. Mimi sikusoma, lakini mikono yangu si mijinga.

Tulipofika nikamshika sikio. "Nini hii?"

"Simu, Bibi."

"Simu ina mtutu?"

Akaangua kilio pale pale kwenye magari, mtoto na ndevu zake. Rafiki yake waliyekuwa wakiendesha pamoja aligongwa njia ya Qurum, mwenye gari akakimbia. Wangu alikuwa nyuma, aliona kila kitu. Alimshika mkono mpaka ukawa baridi. Tangu hapo, akanambia, gari ikimkaribia anatetemeka, na bastola ile ndiyo inayomtuliza. Kaipata wapi hakusema.

"Niapie, Bibi, Baba asijue. Akijua atanipeleka polisi kwa mkono wake."

Na juu kule mume wangu anakata roho. Nikaapa. Wallahi niliapa haraka haraka ili nipande ngazi tu. Mume wangu akafariki Alasiri ile.

Siku ya nne ya msiba mjukuu wangu akaingia chumbani kwangu na kitu kimefungwa kwenye kilemba. "Nisitiri, Bibi. Baba ananipekulia chumba. Kwako hapekui mtu." Kweli, nani atapekua chumba cha kizuka? Nikaitia ndani ya sanduku langu la udi. Mwenye eda hagusi manukato, kwa hivyo hakuna wa kulifungua. Akili yangu mwenyewe hiyo, sikufundishwa na mtu.

Nikadhani imelala. Kumbe kila baada ya Alasiri anakuja, ananibusu kichwa, anafungua sanduku, huyoo na pikipiki yake. Magharibi anairudisha. Wanawake wanaokuja kunipa pole wanamsifu, "Mashaallah, mjukuu gani huyu, hakuachi hata siku moja! Wetu hata simu hawapigi." Nami naitikia, huku roho inachomeka.

Hivi karibuni nikamuuliza, "Babu'ngu, nitazame. Ile unaichukua kwa kuogopa, au yuko mtu unamtafuta?"

Akatazama zulia. "Gari nyeupe, Bibi. Imebonyea ubavuni. Maskati si kubwa."

"Maskati nzima gari nyeupe, mwendawazimu wee! Utamuua baba wa watu aliyekwenda kununua mkate!"

"Na rafiki yangu hakuwa mtoto wa watu?"

Nikalikalia sanduku. "Ukiitaka, niondoe." Akanyanyua mikono, nikadhani ananiondoa kweli. Akaishusha. "Khalas, Bibi. Hata wewe." Akatoka.

Leo siku ya sita hajaingia. Naisikia pikipiki inakuja, inapunguza mwendo mlangoni kwetu, kisha inapita. Wanawake wananiuliza kipenzi changu yuko wapi, nasema kazi zimembana. Na mume wangu sijamlilia sawasawa. Nikishika tasbihi, macho yako kwenye sanduku. Miaka hamsini nimekaa na yule mtu, na msiba wake nimeibiwa na kipande cha chuma.

Siku nikitoka edani wifi yangu atakuja kunikogesha na kunifukiza, na kitu cha kwanza atakachokifungua ni sanduku lile. Nikimwambia mwanangu, atampeleka mtoto polisi, namjua, nimemzaa mimi. Nikimrudishia mjukuu wangu, atakwenda kuitafuta gari yake. Nikiitupa, atapata nyengine, na mimi hatonambia tena neno. Msinambie nisali, nasali. Wala msinifundishe habari ya kiapo. Najua kiapo kikivunjwa kina kafara, nitafunga siku zangu tatu. Kumtia pingu mtoto niliyemkogesha kwa mikono hii, kafara yake nini? Na akiua, je, kafara yake nini?

Nyinyi wenye watoto na wajukuu, nambieni, nimkabidhi nani kitu hiki? Nifanyeje, wanangu? Siku tisa tu.

Ngojeni. Hiyo naisikia inakuja. Ndiyo yeye, mngurumo wake naujua. Inapunguza... inapunguza...

Imepita.