Magunia Yaliyotutoa Barabara ya Soko

Ninyi vijana wa nyumba hii, na wa nyumba za jirani, mnaopenda kusema "nilisahau kukuambia", kaeni mnisikilize. Maneno hayo nayajua. Mimi pia niliyategemea.

Nakumbuka mwaka ule wa mvua mbaya, Wabeleji bado wanatutawala hapa Kasongo. Baba yangu, Mzee Amisi, alikuwa na magazini, yaani duka, kwenye barabara ya soko. Karatasi ya parseli yake, kile kiwanja chetu, ilisema wazi: nyumba ya kuuzia vitu. Barabara ile yote ilikuwa ya maduka, na depo, maghala ya mpunga na mawese, zilikuwa na mahali pao, chini kule upande wa mto. Lakini mfanyabiashara mmoja wa Kabambare akamwomba baba amwekee mpunga wake mpaka njia ikauke, malori yapite. Baba akakubali. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa msimu. Magunia yakajaa dukani, yakatoka, yakajaa barzani. Vitenge na sabuni vikaenda kulala chini ya kitanda cha mama.

Wanangu, mimi sikuona ubaya. Nilikuwa msichana wa kuolewa, na kisimani wenzangu walinitania: "Pisheni, mutoto wa depo anapita." Nami nikapita kama mke wa sultani. Kiburi si maungwana, lakini sikio la kulisikia hilo sikuwa nalo.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mjane, Bi Mwamini, muuza vitumbua. Panya wetu wakaingia katika unga wake. Na wanunuzi wake walikuwa wale waliokuja dukani kwetu. Duka lilipokufa, hawakufika tena upande ule. Akaja kuzungumza na baba. Kwetu jirani hapeleki neno serikalini kabla hajalileta barzani kwako, akakaa mkekani, mkasemezana. Hata komiti ya senta, yaani ya mji wetu, wale wazee watano waliowekwa na Mzungu wa teritware, mtawala wa wilaya, kuangalia parseli, waliishika desturi hiyo.

"Baba iko?" akauliza. Baba alikuwa ndani, ana homa. Nikasema haiko. Mkeka haukuwa na pa kutandikwa, na sikumtafutia hata kigoda. Akasema akiwa amesimama juani, "Umwambie magunia hii inanimaliza. Miye sitaki magomvi." Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Niliogopa magunia yakitoka, na ukubwa wangu utatoka nayo. Akaja mara ya pili, baba yuko shamba. Mara ya tatu nilimjibu nikiwa ndani, mlango umefungwa. Na mjane wa siku zile hamsimamishi mwanaume njiani, basi baba hakujua kitu.

Mara ya nne hakuja kwetu. Alikwenda kwa komiti.

Tuliitwa Alhamisi. Wanawake tulikaa nyuma. Mkubwa wa komiti, Mzee Kitenge, alisoma chuo kimoja cha Kurani na baba, na naona alitaka kumwokoa. Alisema kosa liko, duka limegeuka depo, lakini aliyekosa bila kuambiwa hupewa mwezi mmoja ahamishe mizigo. Aliyeambiwa na jirani akaziba masikio, huyo parseli yake inarudi kwa senta. Akamuuliza baba kama Bi Mwamini alimletea neno.

Baba akasimama. Akaapa kwa jina la Mungu kwamba jirani hakufika kwake hata siku moja. Kwa alivyojua yeye, alisema kweli.

Bi Mwamini hakupandisha sauti. "Nilikuja mara tatu. Nilisimama pa jua. Muulizeni fundi wa kushona, alikuwa ananiona."

Fundi akaitwa, akasema ndiyo, mara tatu. Watu wakaguna. Mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba Amisi siku hizi anakula viapo kama vitumbua, na wenzake wakacheka.

Wanangu, mimi nilikuwa pale. Neno moja tu lilitakiwa. Nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka Mzee Kitenge akamaliza kusema kwamba parseli imekwenda.

Njiani, tulipopita soko, baba akaniuliza.

"Alikuja?"

"Alikuja, baba."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akasimama kidogo. "Ungeniambia ya kwanza, magunia yangetoka siku ileile. Duka ningepata lingine. Sasa nimeapa uongo mbele ya watu."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Nilitaka kurudi kwa komiti niseme. Akakataza, akasema hawezi kumvua binti yake nguo ili ajifunike yeye. Tukahamia Kabambare, shambani kwa wajomba. Kule kila alipoitwa kushuhudia ndoa au mpaka wa shamba, alijibu, "Tafuteni mwenye kiapo kizima." Alikufa hivyo.

Nilirudi kumwomba Bi Mwamini msamaha. Duka letu lilikuwa limefungwa bado, hakuna aliyelichukua, naye alikuwa ameacha kukaanga. Akaniambia, "Nilitaka magunia yatoke. Sikutaka baba yako atoke."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nasaha yangu ni hii: neno ulilopewa umpelekee mtu si mali yako. Usilipime kama linakufaa. Lifikishe. Na ukikosa, kiri palepale watu walipo, maana ukweli wa njiani, watu wakiisha kutawanyika, haumfai mtu. Mungu awape ulimi mwepesi wa kukiri, awaepushe na kimya kama changu, awazeeshe pamoja na majirani zenu.

Hapa kwangu nimeshaamuru, wakubwa na wadogo wamesikia: jirani akija na malalamiko juu yangu, niiteni. Nikiwa naswali, akae angoje nimalize. Nikiwa nimelala, niamsheni.