Herufi Moja Kwenye Ngoma

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alikufa na mimi nikatoka darasa la tatu. Nilienda Burnt Forest kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi. Hiyo mashine ndiyo ilinipa sauti. Ukitaka mwenye gunia akusikie huku injini inanguruma, lazima utoe koo lote. Baada ya miaka kumi na tano ya kupigia watu kelele, nikaanza bendi ya rok. Mimi. Si mwalimu.

Huyo mwalimu alitoka upande wa ziwa, akaja kufundisha huku Burnt Forest na gitaa mgongoni. Alinikuta tayari niko na mpiga ngoma, mkulima kama mimi, tunafanya mazoezi nyuma ya mashine siku ambazo hakuna wa kusagiwa. Nilimkaribisha. Hilo ndilo kosa langu, na sirudii.

Jina nililitoa mimi. Nilitaka Ngurumo, kwa sababu ya ile injini. Nikachukua rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka lango, nikaandika kwa ngoma kubwa vile ulimi wangu unasema: NKURUMO. Sisi wa huku, G na K ni ndugu wa tumbo moja. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema tufute. Nilikataa, na sikukataa kwa kujua kitu. Nilikataa kwa sababu alicheka.

Tuliimba miaka sita, kwa harusi na maonyesho ya kilimo. Kiingereza nilikiimba vile nilikisikia kwa redio, na watu waliruka. Halafu tukaitwa Nairobi kurekodi. Asubuhi hiyo mwalimu akaniambia gari limejaa. Gari lenyewe lilikuwa pikapu, na huko nyuma ng'ombe angelala. Aliona haya na Kiingereza changu, na hakuwa na ujasiri wa kusema. Kanda ikatoka na sauti yake, nyembamba kama ya mtu anaomba maji kwa jirani. Mimi nikarudi kusaga.

Mwaka jana wanafunzi wa chuo kikuu kule Kesses walimwalika awaeleze historia ya bendi. Nilienda bila kualikwa. Nilimkuta amekaa mbele, mpiga ngoma wetu kando yake, ngoma yangu katikati. Anawaambia yeye ndiye mwanzilishi. Tena anasema ile K aliiweka makusudi, eti ni sanaa. Na watoto wa watu wanaandika.

Nikasimama. Msichana aliyeongoza mkutano akaniomba, Mzee, nikae kidogo, maswali yanakuja. Nikamwambia langu haliwezi kungoja.

"Mwalimu, taja jina la bendi."

"Ngurumo," akasema. Lilimtoka tu, kama kikohozi.

"Mmesikia? Hata kulisema hawezi."

Ukumbi ulicheka, na safari hii sikuchekwa mimi. Mwalimu akageukia mpiga ngoma amsaidie. Yule mkulima aliangalia viatu vyake kwanza.

"Mwalimu, si wewe ulitaka tufute?"

Hapo iliisha. Mwalimu akaanza kusema hayo ni ya zamani, tusameheane, sisi sote sasa ni wazee. Nikamwambia mzee ni yeye, mimi ni mwanzilishi. Nikabeba ngoma yangu mpaka nje na hakuna mtu alinizuia. Alinifuata mpaka kwa pikapu yangu, akauliza kama naweza kumfikisha mjini.

"Gari limejaa," nikamwambia.

Sijamsamehe, na sijaombwa vizuri.

Leo niko na ekari nne kule Chepsaita. Ng'ombe watano wa maziwa. Mashine mbili za kusaga. Nyumba ya matofali. Pikapu moja. Ngoma moja kubwa, ngozi imepasuka, K yake iko pale pale.