Mkono wa Elisha

Meshack huchomelea mageti mjini Dodoma, na tangu serikali ihamie huko na kila mtumishi atake ukuta, kazi haijampungukia. Mikono yake imejaa makovu ya cheche, na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomwangusha siku Elisha alipoondoka.

Huku kwetu wanaume wakiwa marafiki hushikana mikono njiani, toka nyumbani mpaka sokoni, na hakuna anayeuliza. Mjomba wa Meshack, mzee Sostenes, huenda hivyo na rafiki yake kila Jumamosi mnadani Msalato. Ni Meshack na Elisha tu ambao hawakuthubutu. Walipendana, tena si kirafiki, na sheria ya nchi ina kifungo kwa hilo. Basi walitembea mmoja mbele mmoja nyuma, kama waliogombana.

Siku ya safari, pale stendi, Elisha alinyoosha mkono asindikizwe mpaka kwenye basi, kama mtu yeyote na mwenzake. Meshack akalikumbatia begi la Elisha kwa mikono yote miwili.

Elisha alipata kazi Maputo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kule kosa lile lilikwisha kufutwa kwenye sheria. Akawa anamtumia ujumbe wa sauti: "Mesha, vijana wa mtaani kwangu wamekua bila kuogopa polisi kwa jambo hili. Wanaogopa mama zao tu. Juzi wawili wamepita wameshikana mikono, bibi mmoja muuza karanga akawatazama, akajua, akaendelea kukaanga."

Meshack aliurudia ujumbe ule mpaka akaujua kwa moyo. Aliutamani ule mkono alioukataa, akautamani hata akiwa kazini. Ikafika mahali akawaonea wivu mjomba na mwenzake, vibogoyo wawili wa watu.

Mwaka huu Elisha alikuja Chamwino kumzika bibi yake. Jumamosi, kabla hajarudi, wakaenda mnadani. Katikati ya ng'ombe na moshi wa nyama, Meshack akautwaa mkono wake. Walizunguka mnada wote hivyo, na hakuna aliyegeuka. Wakakutana na mzee Sostenes, naye kamshika rafiki yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Vijana wa siku hizi kutwa simu tu." Kisha akamgeukia Elisha. "Mtafutie mwenzio mke huko uliko, maana hapa kashindwa."

Elisha alicheka. Meshack naye akacheka.

"Umeona?" Elisha alimwambia wazee walipopita. "Miaka yote ile tulijitesa bure."

"Hawajatuona."

"Si ndicho ulichokuwa unaomba?"

"Nilidhani hivyo." Meshack alikuwa bado kamshika, wala hakutaka kumwachia. "Sasa namtaka yule bibi wa karanga. Nataka mtu mmoja atutazame, ajue, aendelee na karanga zake."

"Njoo basi."

Meshack akamfikiria mama yake, Loisi, ambaye hana mtoto mwingine.

Kesho yake alimsindikiza Elisha stendi mkono kwa mkono, mpaka mlangoni mwa basi. Abiria waliwapisha njia bila kuwatazama.