Kisu cha Titani kwa Mkono Mmoja wa Papa Adalbert

Saa moja asubuhi, mtaa wa Naviundu, Lubumbashi. Constance Chanda amekaa nyuma ya nyumba yake, kipande cha bamba la kijivu kimebanwa kwenye jiliwa mbele yake. Anapitisha tupa, anapuliza vumbi, anakigusa kwa kidole gumba, kisha anapitisha tena.

Kipande hicho ni ulimi wa kisu cha kukunja. Kisu kikifunguliwa, ulimi huruka na kuuzuia ubapa usijikunje juu ya vidole vya mwenye kukishika.

“Hapa njo kazi yote iko,” anasema. “Kukata, kila kisu inakata. Lakini kama ulimi inadanganya, kisu inakugeukia.”

Constance, mwenye miaka thelathini na tisa, alijifunza kuchomelea na kunoa katika karakana ya mjomba wake. Visu vya kukunja alivianza kwa ajili ya baba yake, Adalbert Ngosa, fundi mstaafu wa mabehewa ya reli.

Mzee huyo alipoteza mkono wa kushoto katika ajali ya barabarani. Tangu hapo hushinda bustanini kwake kando ya mto, akipanda mboga za lenga-lenga. Lakini kila alipotaka kukata mboga au kamba, ilibidi aite mtu amfungulie kisu. Hilo lilimkera kuliko maumivu yenyewe.

Kisu cha kwanza ambacho Constance alimtengenezea kilikuwa na ulimi wa chuma uliokatwa kutoka msumeno mkuukuu. Kiangazi chote kilifanya kazi vizuri. Mvua zilipoanza, tope likaingia ndani, kutu ikaula ulimi, na siku moja kisu kikajikunja kikiwa mkononi. Kidole cha shahada cha mkono pekee aliobaki nao kikakatwa karibu kufika mfupani.

Kwa wiki kadhaa mkewe, Mama Angélique, alimlisha kwa kijiko. Constance hakuweza kumtazama baba yake akila. Akafungia vifaa vyake sandukuni na kuapa kwamba hatatengeneza kisu kingine. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfuata, bandeji ikiwa bado kidoleni.

“Kama unaacha, mi nitabakia na mukono moya na woga,” alimwambia. “Mukono moya peke yake, naweza kuishi nayo.”

Constance akaenda kwa Fils, muuza vyuma chakavu, akamweleza kwamba anatafuta kitu kinachoruka kama springi na kisichoogopa maji. Fils akamtolea vipande vya titani, mabaki ya mitambo ya tindikali. Wateja wengi walikuwa wakivipita kwa sababu ni vigumu kuvichomelea. Constance akapima kimoja mkononi, akashangaa wepesi wake. Akakipinda kidogo, kikarudi mahali pake. Akavinunua.

Kisu cha pili hakikushika kutu, ila kilikuja na ukaidi wake. Titani ni laini kuliko chuma cha ubapa, na vikisuguana hung'ang'aniana. Ulimi ukawa unanasa, mzee akausukuma kwa gumba mpaka jasho likamtoka. Kwa mwenye mikono miwili lingekuwa jambo dogo. Kwake ilikuwa kurudi kule kule, kuita mtu.

Safari hii jibu lilitoka kwa mzee, aliyekumbuka kazi yake ya reli.

“Pale vyuma bilikuwa binasuguana, tulikuwa tunafunga kipande ingine ya nguvu,” anaeleza. “Ikilika, tunabadirisha ile tu. Wagoni inabaki.”

Basi Constance akafunga kipande kidogo cha chuma kigumu kwenye ncha ya ulimi kwa skrubu. Titani ikabaki na kazi ya kuruka. Chuma kikachukua kazi ya kusuguliwa. Kabla ya kumkabidhi baba yake kisu hicho, aliweka kijiti mahali pa vidole, akagonga mgongo wa kisu kwenye gogo tena na tena, akakilaza kwenye tope. Kijiti hakikupata hata mchubuko.

Huko bustanini, mzee alikitoa mfukoni, akakifungua kwa gumba, akainama, akakata lenga-lenga. Kisha akasukuma ulimi, akaegemeza mgongo wa kisu pajani, kikajifunga. Akakata fungu lingine, na lingine, mpaka Mama Angélique akamuuliza mboga yote hiyo italiwa na nani.

Jumapili iliyofuata alikwenda nacho Misani. Mama Angélique anasimulia huku akicheka kwamba mumewe alikifungua na kukifunga chini ya koti wakati wa mahubiri, hadi padri akanyamaza na kutafuta sauti hiyo inatoka wapi.

Leo Constance ana wateja kuanzia mafundi cherehani wa Naviundu hadi wenye nyumba za kifahari za mtaa wa Golf. Kisu kimoja humchukua karibu wiki mbili, na kazi hiyo ndiyo inayolipia shule ya watoto wake wawili.

Kisu kilicho mezani sasa ni cha Bijou, mkulima wa Mitwaba asiye na mkono wa kulia. Kila kitu lazima kigeuzwe, na Papa Adalbert hawezi kukijaribu. Kwa hiyo Constance anaufundisha mkono wake wa kushoto: anakata vitunguu nao, hata anakula nao. Mama Angélique alimkaripia kwa kula kwa mkono wa kushoto, kisha alipoambiwa sababu akaketi na kucheka mpaka machozi.

Baada ya hiki, Constance anataka kuwa na visu vya pande zote mbili tayari wakati wote, ili mtu wa mkono mmoja akifika, aondoke na chake siku hiyo hiyo.

“Mikono ya batu haifanane,” anasema. “Kisu njo inapashwa kufwata mukono.”