Niliyafuta maandishi ya pete ya mamamkwe nikidhani ni sihiri

Wakuu, salaam. Haya ni yangu mwenyewe, sijatia chumvi. Mkitaka kunitukana, fikeni mwisho kwanza.

Mimi ni wa mtaa wa Wiyoni, nimeolewa mtaa wa Mkomani. Wiki ya harusi mamamkwe, Bi Khadija, alinivisha pete ya fedha yenye jiwe jekundu la akiki. Ya kale kabisa, na jiwe limechongwa maandishi.

Akasema, "Isikutoke chandani." Basi. Maelezo hakuna.

Sasa mimi nimesoma chuoni, yaani madrasa, herufi za Kiarabu nazijua. Siku moja nikaipiga picha kwa simu, nikazoom. Herufi ni zile zile, lakini zote zimegeuzwa! Zinakwenda kinyume.

Kwetu ukiona maandishi yamegeuzwa huhitaji kuambiwa na mtu. Hiyo ni sihiri.

Na hapo mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika. Daktari alisema hutokea. Mimi nikaanza kuunganisha: zote mbili nilikuwa na pete. Halafu mbona kila nikimwamkia, jicho lake linakwenda kwanza chandani mwangu? Nani anakagua pete ya mwenzake kila siku bila sababu?

Nikamwambia mume wangu, akacheka. "Ni akiki tu hiyo." Nikaona huyu naye ameshachezewa.

Kuivua niliogopa, angejua. Nikapanda boti hadi Mokowe, ng'ambo, kwa sonara asiyenijua, nikamwambia alisage jiwe mpaka liwe laini. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Nikamwambia, "Futa."

Niseme ukweli, wiki ile nililala vizuri.

Ijumaa baada ya swala mamamkwe akaniita nije alipoketi. "Ndoo, mwanangu." Mbele yake kuna karatasi kuukuu, na mwishoni mwa karatasi alama ya wino: Mwana Aziza binti Ali. Herufi zimenyooka, nikasoma bila taabu.

"Huyu ni nyanya wa mamangu," akasema. "Pete yako ndiyo muhuri wake. Alikuwa na nyumba yake na neno lake, akishapiga muhuri hapana mwanamume wa kupinga. Pete huenda kwa mwana wa kike, nami Mngu hakunipa. Nimekupa wewe."

Ndipo nikaelewa, wakuu. Muhuri huchongwa kinyume ili ukigandamizwa usomeke sawa. Kitu chepesi hivyo!

Alikuwa ameyeyusha nta kidogo anionyeshe. Akanishika mkono mwenyewe, akagandamiza.

Nta ikatoka tupu.

Akaitazama, kisha akalipapasa jiwe kwa kidole. Nikalia, nikamwambia yote, mpaka hilo neno sihiri. Hakunigombeza. Akaniuliza tu, "Na mimba zile, ulinidhania mimi?"

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona maishani.

Somo langu ni hili: ukimshuku mtu, muulize yeye kwanza. Mimi nilikuwa na wa kumuuliza nyumba hiyo hiyo, nikavuka maji kwenda kuficha.

Pete bado naivaa, hajanidai. Ila tangu siku ile akiniletea chakula hukaa mbele yangu, akamega tonge la kwanza yeye, akala, ndipo anisogezee sahani. Na mimi kwa chakula sikuwahi kumshuku hata siku moja.

Wenye mamawakwe humu, nisaidieni kwa moyo safi: nimwambie nini aache kunionjea?