Claudine wa Chupa na Mutu wa Bahari

Wifi yangu Claudine si mutu wa kusalimia hivi hivi. Ukimwambia, "Habari ya asubuhi?" anakuangalia mikono kwanza, halafu anajibu, "Muzuri. Kwa nini unauliza?" Mimi Joyeuse, dada ya bwana yake, nakaa naye kiwanja kimoja hapa Rwambuzi, mutaa wa Bunia, na nasema kweli mbele ya Mungu: sijaona mwanamuke wa kazi kama yeye, na sijaona mwanamuke wa mashaka kama yeye.

Kazi yake ni chupa tupu za plastiki. Madereva wanaotoka Mongbwalu wanamuletea mifuko mizima, na watu wakimaliza harusi wanamuita aokote za uani. Anatia muchanga, maji ya moto na sabuni, anatikisa mupaka mukono unauma, halafu anazianika juu ya bache, turubai ile ya plastiki, zikauke. Mafuta ya ngazi, yale mawese unayopikia hapa Bunia, asali ya Mambasa, petroli ya taa, vyote vinatembea ndani ya chupa za Claudine. Watoto wake wanasoma kwa pesa ya chupa hizo. Ndugu yangu Blaise, toka alipoacha ziwa, hana kazi nyingine zaidi ya kungojea chakula.

Na mashaka yale hayakutoka hewani. Zamani walikaa pembeni ya ziwa, upande wa Mahagi, Blaise akivua samaki. Siku moja wakafika vijana wenye mashati safi na heshima nyingi. Wakauliza: nyavu zako macho yake iko namna gani? Unazitunza wapi? Blaise, mutu wa kanisa, akawaonyesha zote, akawapa na chai. Hawakukawia kurudi, mara hii pamoja na askari. Wakasema macho ni madogo, sheria inakataza, wakarundika nyavu kwenye muchanga, wakamwagia petroli, wakachoma. Claudine alisimama pale na mutoto mugongoni, moshi ukimuingia machoni. Toka siku ile anasema, "Mutu akikuuliza kitu chako kinakaa wapi, anataka kukichoma." Aliyeumwa na nyoka, ata kamba anaikimbia. Kwa hiyo sikumucheka.

Bon. Ndipo akafika Isidore.

Huyu alikuwa mutafiti, ametumwa na université moja ya mbali. Mwembamba, miwani puani, sauti ya padri. Alisimama katikati ya soko, pale nilipokaa na Claudine na mufuko wake wa chupa, akatusalimia vizuri, akasema, "Mama zangu, nafanya utafiti juu ya plastiki inayochafua bahari."

Bahari! Hapa Bunia! Tukaangaliana. Claudine akanivuta kitenge. "Bahari iko wapi hapa? Mutu anaacha bahari kule iliko, anakuja kuitafuta kwetu? Joyeuse, huyu anatafuta kitu kingine."

Isidore akaeleza polepole. Chupa ikianguka muferejini, mvua inaisukuma mupaka muto Shari. Shari inaingia Ituri, Ituri inapita pori za Mambasa, inateremuka kukutana na muto Congo, na Congo haipumziki mupaka baharini. Samaki wa kule wanakula takataka zetu. Yeye anatafuta dawa: ni muzuri kuipa chupa bei, ao kuitungia sheria? Mimi nilielewa. Ata nilianza kumuhurumia yule samaki. Halafu Isidore akamugeukia Claudine, akauliza, "Mama, hapa kuna watu wanaonunua chupa tupu? Wanazitunza wapi?"

Mawe, mama yangu! Wanazitunza wapi! Ni swali lile lile la ziwani. Niliona shingo ya Claudine ikikauka.

"Siye?" akasema, huku amekalia mufuko wake na kitenge kimeufunika. "Siye hatununui, hatuuzi. Chupa ni uchafu tu. Tunachoma."

Isidore alipovuka kwenda upande wa samaki, Claudine alipita meza kwa meza. Alianza kwa Mama Musoki, mama wa Butembo anayeuza mafuta ya ngazi karibu naye, muteja wake wa kila siku. "Mutu asinitaje," alisema. "Akiuliza, jibu liwe moja: tunachoma." Musoki akamushika mukono, akaapa kwa jina la Yesu, na wengine wote vilevile. Soko lile linagombana juu ya kila kitu, ata juu ya kivuli, lakini siku ile walipatana.

Mimi nilikataa. Nilimwambia, "Claudine, angalia kiatu cha yule mutu, kimetoboka. Mutu wa serikali anatembea na kiatu kilichotoboka?"

"Ndiyo mutego wenyewe," akajibu.

Basi Isidore akazunguka Bunia muzima, na kila mahali wanamuimbia wimbo mumoja: tunachoma, tunachoma. Wakati wote ule Claudine alificha chupa zake, mafuta iliuzwa kwa kopo, kila mutu na bidon yake ya kubebea, na chupa zilijaa jikoni kwetu mupaka tukapikia inje. Claudine alikuwa na furaha. "Umeona? Amekosa pa kushika."

Baadaye tukasikia Isidore anaita watu kwenye salle ya paroisse, ukumbi ule wa kanisa, asome mbele ya wote aliyoyapata. Tukaenda. Nyuma yake walikaa wakubwa wa biro ya serikali, na askari mumoja mulangoni. Claudine akachagua benchi ya karibu na dirisha, apate pa kukimbilia.

Isidore akaanza na swali. "Nani hapa anaweza kununua bia bila kurudisha vidange?" Watu wakacheka. Bila chupa tupu ya kurudisha, bia huipati, ata mutoto anajua. "Ndiyo maana chupa tupu ya bia hailali njiani," akasema. "Iko na bei. Nilitaka chupa ya plastiki nayo iwe na vidange yake, pesa kidogo kwa anayeirudisha. Na yule anayekusanya ajulikane, alipwe, mutu asimusumbue. Muji mwingine niliopita, wako watu wa kazi hiyo, na tumejenga juu yao. Lakini Bunia sikupata ata mumoja. Kila mutu anachoma. Nitajenga juu ya nani?"

Akavua miwani, akaipangusa. "Kwa hiyo kwa Bunia nimependekeza ile dawa nyingine, sheria. Chupa ya plastiki iliyokwisha kutumiwa isirudi sokoni. Atakayeonekana nayo atanyang'anywa na kulipa amende, faini ya serikali." Wakubwa wakaitikia kwa kichwa. Walikuwa tayari kutia saini pale pale.

Claudine akanishika paja, kucha zikaingia. "Joyeuse, watoto," akasema. Halafu akasimama.

"Nilikudanganya," alimwambia. "Kazi yangu ni chupa. Naosha, nauza, soko lote linanunua kwangu. Niliogopa."

Isidore akarudisha miwani puani, na uso wake wa padri ukabadilika. "Mama, kwa mudomo wako mwenyewe uliniambia munachoma. Leo umesikia habari ya kulipwa, ndiyo unakumbuka kazi yako?"

Mukubwa mumoja akacheka. "Projet ikitajwa, kila mutu anakuwa fundi."

Hasira ikanipanda. Nikasimama, nikapiga kelele kwamba ni kweli, kwamba jikoni kwetu hakuna ata pa kuweka sufuria. "Weye ni nani wake?" mukubwa yule akaniuliza. Nikasema wifi. Wakacheka zaidi, na mimi nikatamani kuvua kandambili nimutupie mutu.

"Twende nyumbani uone," Claudine alisema.

"Mifuko ya chupa mutu anaweza kuikokota asubuhi moja," Isidore akajibu. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa amedanganywa na muji muzima, na sasa alijua. "Nionyeshe mutu mumoja tu, asiye ndugu yako, anayenunua kwako. Mumoja, na nitabadilisha yote."

Uso wa Claudine ukang'aa. Mutu mumoja! Akageuka, akanyoosha mukono. "Mama Musoki! Simama, umwambie!"

Musoki akasimama katikati ya watu. Aliangalia wakubwa. Aliangalia askari mulangoni. Halafu akamuangalia Claudine, na Claudine akamufanyia ishara ya ndiyo kwa kichwa: sema, sema. Machozi yalimulenga Musoki, na mimi niliona moyo wake unavyomuuma kumukuta mwenzake amesimamishwa peke yake mbele ya wakubwa.

"Huyu mama?" alisema, na sauti haikutetemeka. "Simujui. Siye hapa tunachoma."

Akakaa. Na alipokaa alimukonyezea Claudine jicho, na akatabasamu, sababu alijua ametunza kiapo, na amemuokoa.